Ndoo Niliyochelewa Kuiweka Chini

Neema na Bahati,

Keki mliyoninunulia siku ya kuniaga ilikuwa nzuri, na sili mliyemchoresha juu yake kwa sukari alipendeza, ingawa mlimpa masikio. Sili wetu hana masikio ya nje, ana vitundu viwili tu kichwani. Mwenye masikio ni binamu yake, simba-bahari. Hilo nimewaimbia miaka minne, lakini nikanyamaza, maana mtu hakosoi keki yake ya kuagwa. Kilichonikwama kooni si masikio. Ni yale maandishi: "Bi Zuhura, aliyemwokoa Tumaini." Mkapiga makofi wote, nami nikatabasamu kama bibi harusi. Kipande changu nikakifunga kwenye karatasi, nikaenda nacho nyumbani Alief na kukitia kwenye friza. Kimenishinda kula.

Kazini pale ni ninyi wawili tu mnaosoma Kiswahili, mmoja wa Nakuru na mmoja wa Bukavu, kwa hiyo nawaandikia ninyi. Mkitaka kuwatafsiria wengine, tafsirini. Mimi sikumwokoa Tumaini. Mimi nilikaribia kumuua. Nimelibeba jambo hili miaka tisa, na sasa ofisi haina tena la kunifanya. Wallahi, kuandika sentensi hizo mbili tu nimejisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi.

Nianze mwanzo basi. Nilifika Houston mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwanamke wa Mji wa Kale Mombasa, sina cheti wala jamaa ila binti yetu mdogo Salma na mume wangu, marehemu Abdalla, aliyekuwa dereva wa lori. Yeye ndiye aliyeona tangazo: anatakiwa mtu wa kutayarisha samaki. "Samaki!" akasema. "Zuhura, kazi hii imeandikwa jina lako." Nikaenda nikidhani ni mkahawa. Nikakuta bwawa la maonyesho, la maji baridi lenye mawe bandia, na ndani yake sili, wanyama wa bahari wenye manyoya na mapezi, vichwa vyao vinne vya mviringo vikinitazama kama watoto waliosikia mlango wa jikoni umefunguliwa.

Mkuu wa pale alikuwa Ruth, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, mtoto wa mvuvi wa pwani ya kaskazini kabisa, huko ambako sili hulala kwenye mawe kama sisi tunavyoanika nguo. Alinipa ovaroli na gambuti, akanionyesha sanduku la samaki wa heringi walioyeyuka barafu, akaniambia, "Watayarishe, nakuja." Nikawatayarisha. Nikawapara magamba, nikawapasua na kutoa matumbo, nikakata vichwa, nikawaosha maji matatu, nikawapaka chumvi na ndimu niliyokuja nayo kwa ajili ya chakula changu cha mchana. Nilichukua saa mbili. Nikawapanga kwenye sinia, mgongo juu, nadhifu.

Ruth akarudi, akalitazama lile sinia kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Unangoja mafuta yapate moto?"

Sili mmoja tu ndiye aliyekubali kuonja, jike aliyekuwa na madoa meusi yaliyotapakaa kama pilipili manga. Wenzetu walimwita jina lao, mimi nilimwita Pilipili tangu siku ile. Alimshika samaki wangu, akatikisa kichwa, akapiga chafya ya ndimu, akamtema. Ndipo Ruth akanifundisha somo la kwanza. Sili hanywi maji kama sisi. Maji yake huyapata ndani ya samaki, kwa hiyo humeza samaki mzima, kichwa kwanza, na matumbo yake yote. Nilichokuwa nimekitupa kwenye pipa ndicho kilichokuwa na faida. Na kwa kuwa samaki wa friza hupungukiwa vitamini, kidonge huingizwa kwenye matamvua yake, sili akameza asijue. Nilirudi nyumbani nikamweleza Abdalla, akacheka mpaka akalala sakafuni. Kwa miaka mingi baadaye kila nikimwandalia samaki wa kupaka alikuwa akiuliza, "Huyu wa binadamu, au?"

Harufu ile, wanangu, haitoki. Nimefukiza udi, nimejaribu sabuni za kila duka la barabara ya Bellaire. Kwenye harusi moja mjini Katy wanawake walinipisha kiti kwa heshima, nikafurahi, kumbe walikuwa wanaikimbia harufu yangu. Zoeeni tu.

Somo la pili ndilo kubwa, na ndilo nililolivunja. Ruth hakumlisha sili yeyote kabla ya kukaa. Alifika na ndoo mbili, moja ya samaki na moja tupu. Ya samaki aliiacha nje ya mlango. Ile tupu aliipindua, akaikalia, mikono mapajani, akatazama dakika kumi. Sili wakija, hainuki. Mvua ikinyesha, hainuki. Mimi nilidhani ni uvivu wenye mshahara. Kwetu ukiajiriwa ukakaa chini, mwenye nyumba atakuuliza kama umeishiwa kazi. Nikamwuliza siku moja, "Ruth, unatafuta nini?" Akanijibu, "Sijui. Ndiyo maana nakaa."

Nikajifunza kukaa. Na kwa kukaa niliona mambo ambayo hakuna kitabu kilichonipa. Nilimwona sili akilala wima majini, pua tu juu, kama chupa iliyofungwa kizibo, kisha anazama bila kuamka na kurudi kuvuta pumzi. Niliona kwamba tundu za pua yake zimefungwa wakati wote, na huzifungua pale anapotaka pumzi, kinyume chetu. Nilimjua mwenye raha kwa namna anavyojipinda juu ya jiwe, kichwa juu na mkia juu, hagusi chini ila kwa tumbo. Na mzee wetu Kapteni, dume aliyeletwa kwa lori la baridi kutoka bwawa moja la Dallas, macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu, haoni kitu. Ukimtupia samaki aliye hai upande wa pili wa bwawa, alimfuata kona kwa kona hadi akamkamata. Ruth aliniambia ni zile sharubu, huhisi njia aliyopita samaki majini hata baada ya samaki mwenyewe kupita. Abdalla alisema angekuwa nazo asingepotea tena kwenye barabara kuu ya I-45.

Kuna wakati nilishtuka bure pia. Mara moja kwa mwaka, baada ya msimu wa kuzaa, sili hubadili manyoya. Hula kidogo, hulala juu ya mawe siku nzima, huwa na hasira. Mwaka wa kwanza nilimkimbilia Ruth nikilia kwamba wote wanakufa. Akanirudisha kwenye ndoo yangu. "Wanabadili nguo," akasema. Nikakaa, na kweli, wiki chache baadaye waling'aa kama watoto wa Idi.

Sasa nifike penyewe. Mwaka wangu wa nane, tuligundua Pilipili ana mimba. Alikuwa ameshakuwa mama mtu mzima na hatukutarajia, na sili ni mnene, mimba yake haionekani upesi. Halafu ana siri nyingine: akishapandwa, kile kijusi hakishiki papo hapo, huelea tumboni miezi miwili na zaidi kikingoja wakati wake, ili mtoto azaliwe kwenye msimu wenye joto na samaki. Nilipomweleza mama yangu, Bi Rukia, kwa simu, akasema, "Afadhali yeye, apewa muda wa kufikiri."

Mama mwenyewe alikuja kutoka Mombasa mwezi wa sita mwaka ule, kwa sababu binti yangu Salma wa Katy alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza. Salma akajifungua salama. Basi nyumba ya Salma ikawa na mzazi, na ninyi mnajua, au kama hamjui nawaambia: kwetu mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, hafanyi kazi, na kazi ya jamaa zake ni kumlisha. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku, samli, tende, na kabla hujameza umeletewa kingine. Salma aliyekulia Texas alikuwa analia, "Nyanya, please, I'm full." Mama anamjibu, "Mzazi hashibi," anaongeza upawa. Mimi niliyaona hayo kila jioni nilipopita kwake, na yakaniingia.

Wiki mbili baadaye Ruth alipata habari kwamba baba yake amefariki, akasafiri kwenda kwao kaskazini kumzika. Akaniachia funguo na daftari la kila siku. "Ukiwa na shaka, kaa," akaniambia. Jumamosi asubuhi, Pilipili akazaa.

Subhanallah, nilimwona akitoka. Hakuwa na manyoya meupe ya kitoto kama wale wa barafuni mnaowaona kwenye kalenda. Watoto wa sili wetu huyavua tumboni kwa mama, huzaliwa na madoa yao tayari. Haikupita saa moja, kitoto kikawa majini kikiogelea nyuma ya mama, kikimshika mgongo kilipochoka. Walinusana pua kwa pua tena na tena. Ndivyo wanavyojuana, kwa harufu na kwa sauti, na mama akishampoteza wakati huo, pengine hatamkubali tena. Nililia pale pale, na kisha nikafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Mji wa Kale angefanya. Nikaenda kumletea mzazi chakula.

Heringi wanono, niliowachagua mmoja mmoja. Pilipili akanitazama, akajitupa majini, akayapiga maji kwa pezi. Hakula. Nikangoja saa moja na nusu, nikarudi na wengine. Hakula. Nikarudi tena. Jumapili nilimpelekea mara nane, na mara nane nikaandika kwenye daftari: "Mama amekataa chakula." Jumatatu vilevile. Kila nikiandika, moyo wangu unazidi kwenda mbio, na kila ukienda mbio, naijaza ndoo tena. Sikukaa hata mara moja. Nani anakaa na mzazi hajala?

Ofisi inasoma daftari, hamjui? Jumatatu waliingia kumpima mtoto, akawa pauni ishirini na mbili. Jumanne asubuhi tukampima tena, ishirini na moja kasoro. Anapungua. Kitoto kilikuwa kinaita "maaa, maaa" kwa sauti iliyofanana kabisa na ya mjukuu wangu wa Katy. Wakampigia simu daktari wa sili, ambaye alikuwa Dallas, mwendo wa saa nne. Akasema atafika Alhamisi asubuhi na kizimba. Ikiwa mtoto hajaongezeka uzito, atamchukua akamlee kwa mpira wa kumpitishia maziwa tumboni. Wengi wanaolelewa hivyo wakiwa wachanga namna ile hawafiki mbali, hilo hakulificha. Nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikamwomba Mungu.

Jumanne hiyohiyo Salma alinipigia simu. "Mama, mchukue Nyanya kidogo. Leo tu. Nipumue." Nikaenda Katy, nikamleta mama kazini, kinyume cha sheria, Mungu anisamehe. Miguu yake ilikuwa inauma, akatafuta pa kukaa. Pale kando ya mlango wa wafanyakazi, penye kidirisha, palikuwa na ndoo ya Ruth imepinduliwa. Akaikalia.

Akakaa saa nzima. Mimi nikawa napita mbele yake nikiingia na kutoka. Mara ya tatu akanishika ovaroli.

"Zuhura, hako katoto kataka kunyonya."

"Hakanyonyi, mama. Ndiyo shida yenyewe."

"Kanyonye vipi na weye wafungua mlango? Nimeangalia. Mama alala ubavu, katoto kaja, kafika ziwani, weye waingia na ndoo lako, mama ajitupa majini. Mara tatu. Umemfanya mzazi wa watu bawabu."

Nikamwambia kwa hasira, "Na wewe unavyomlisha Salma je?"

"Salma hana maji ya kujitupa," akasema, bila hata kutabasamu.

Niliiweka ndoo chini. Nikahesabu mara zote nilizoufungua mlango ule tangu Jumamosi. Hakuna mgeni, mwandishi wala bosi aliyemzuia mtoto yule kunyonya. Ni mimi, mimi na mapenzi yangu.

Ruth alirudi saa saba mchana, macho mekundu ya msiba, bado na koti la baridi. Nilimweleza yote pale pale, sikubakisha. Akauliza kitu kimoja tu: "Ulikaa?"

"Sikukaa."

Akavua koti. Akaniambia kile ambacho ningekikumbuka kama ningetulia: sili jike hujilisha miezi kabla, ananenepa, na siku za kunyonyesha hula kidogo sana, anatoa maziwa mazito yenye mafuta kutoka kwenye mwili wake. "Alikuwa ameshakula, Zu," akasema. "Tangu Januari." Hakunikemea. Angenikemea ingekuwa nafuu.

Tukafunga. Tukatundika turubai pande zote, tukatia kufuli, tukazima redio za mkononi, tukamwomba fundi wa pampu asikanyage hapo. Kidirisha cha mlangoni nikakifunika kwa leso ya mama, tukaacha upenyo wa jicho moja. Ruth akashika mlango wa mbele. Mlango wa nyuma hatukuwa na mtu, akaushika mama. Akaja bwana mmoja wa ofisini mwenye tai, na kamera shingoni. Mama akasimama katikati ya mlango na buibui lake, akainua mkono: "Mgeni haingii kwa mzazi." Yule bwana hajui neno moja la Kiswahili. Akageuka, akaenda zake. Sijawahi kumpenda mama yangu kama saa ile.

Kungoja kule, wanangu, ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya pale. Mikono yangu ilikuwa inatafuta ndoo yenyewe. Jioni ya Jumanne sikuona kitu. Jumatano asubuhi niliweka jicho kwenye upenyo wa leso, na Pilipili alikuwa amelala ubavu. Kitoto kikajikokota, kikatafuta, kikakosea, kikatafuta tena. Halafu nikasikia. Mnaijua ile sauti ya kunyonya, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Nikaikalia ndoo.

Lakini kunyonya mara moja si uzito. Usiku ule sikurudi nyumbani Alief, na Alhamisi saa tatu lori la daktari likaingia likiwa na kizimba nyuma, kimetandikwa taulo. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Ruth akaingia na wavu wa kumtenga mama dakika moja tu, daktari akamweka mtoto kwenye mizani, mimi nikasoma. Nikasoma mara ya pili. Ruth akasema, "Zu, sema."

"Ishirini na nne."

Daktari akainama kutazama mwenyewe. Akasema, "Haya, mrudishe kwa mama yake haraka." Alhamdulillahi! Nilipiga kigelegele katikati ya Houston, saa tatu na robo asubuhi, na mama yangu nje ya mlango akakijibu bila kujua ni cha nini. Daktari alirudi Dallas na kizimba kitupu na sambusa kumi na mbili za mama. Jina hatukumpa mtoto hadi siku ya saba, kama kwetu. Ijumaa tukamwita Tumaini.

Jioni ya Alhamisi nilichukua daftari nimwombe Ruth anisaidie kuandika ukweli kwa Kiingereza kizuri, kwamba kosa ni langu. Akanitoa kalamu mkononi. "Wakisoma hilo kesho watakufukuza," akasema, "na mimi nitabaki na watu wasiojua kukaa. Liandike siku utakayostaafu." Ofisi wakaanza kusimulia hadithi yao, kwamba Zuhura ndiye aliyefunga milango akaokoa mtoto, na sikuwazuia. Ruth alirudi kwao kaskazini miaka miwili baadaye. Hakunikumbusha hata siku moja.

Arobaini haikutimia, kwa habari yenu. Sili hunyonyesha wiki nne tu hivi. Asubuhi moja Pilipili akaingia bwawa la pili, akamwacha binti yake mnene kama pipa, asigeuke. Nilimwambia mama kwa simu. Akasema, "Haya, kila mtu na desturi yake."

Kwa hiyo Neema, Bahati. Tumaini mwenyewe sasa ana tumbo, nanyi mmeshaliona. Pengine mwezi wa sita mtakuwa na mzazi. Atakataa samaki wenu, nanyi mtaogopa, na mtakuwa na huruma kuliko mimi kwa sababu nimewafundisha kumpenda. Ndoo ya Ruth iko nyuma ya mlango, ile yenye mpini uliofungwa waya. Ni ya kukalia.

Na daftari la mwaka ule liko kabatini, rafu ya chini. Fungueni ukurasa wa Jumapili. Mtaona mwandiko wangu, mara nane: "Mama amekataa chakula." Chukueni kalamu, mniongezee chini yake: "Alikuwa anangoja Zuhura aondoke." Andikeni na jina langu lote. Mimi naenda kutoa keki yangu kwenye friza.